Densiti ya dhahabu inapogoma: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Sonara kakuuzia pete kwa bei ya karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu kati ya 24. Umeipima nyumbani, ukapiga hesabu, densiti ikatoka 14.3, ambayo ni ya dhahabu ya karati 14. Kabla hujarudi dukani kumwita mtu mwizi, ipime tena, kwa sababu viputo vitatu vya hewa vilivyonasa ndani ya pete vinatosha kuleta tofauti hiyo yote. Hesabu yake nitaionyesha hapa chini.

Densiti ni gramu ngapi zimo katika kila sentimita moja ya ujazo wa kitu. Kila metali ina yake, na ya dhahabu safi ni 19.3, kubwa kiasi kwamba vitu vingi vinavyoigiza rangi yake vinaumbuka mara moja. Kipimo chenyewe ni chepesi. Makosa mengi hayatokani na uzito, maana mizani ya kawaida ya sonara inasoma uzito vizuri tu. Yanatokana na ujazo. Kwa hiyo jibu likikushangaza, anza kuukagua ujazo.

Kwanza, njia yenyewe

Pima kitu kikiwa kikavu, andika gramu. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani ileile, irudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba wa nailoni au mshipi wa kuvulia, kizamishe chote ndani ya maji kikining'inia, kisiguse chini wala pembeni. Namba itakayoonekana sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kitu hicho, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni karibu sawa na sentimita moja ya ujazo, namba hiyo ndiyo ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Pete ya gramu 6.42 ikisoma 0.41 ndani ya maji, densiti ni 15.66. Hiyo ni karati 18.

Njia ya kutumbukiza kitu kwenye chombo chenye alama na kuangalia maji yamepanda kiasi gani iachie mawe na vipande vikubwa vya chuma. Hadithi ya Archimedes, mwanazuoni wa kale wa Sirakusa, na taji la mfalme lililoshukiwa kuibiwa dhahabu, inasimuliwa kana kwamba maji yaliyomwagika ndiyo yaliyofichua wizi, lakini chukua kalamu ulinganishe. Taji la gramu 1,000 la dhahabu safi lina ujazo wa sentimita 51.8. Likiibiwa dhahabu gramu 300 na kuwekwa fedha, ujazo unafika kama 64.8. Katika beseni lenye kipenyo cha sentimita 20, tofauti hiyo inainua maji kwa milimita 0.4 tu. Galileo Galilei aliliona tatizo hili mwaka 1586, akiwa kijana wa miaka 22, akaeleza mizani inayopima kitu kikiwa ndani ya maji. Unapotumia bilauri juu ya mizani, unatumia wazo lilelile.

Namba za kulinganishia

Usikariri namba moja kwa kila karati. Dhahabu ya mapambo huchanganywa na fedha na shaba, na uwiano wa hizo mbili hubadili densiti hata kama kiasi cha dhahabu ni kilekile. Kadiri fedha inavyozidi, densiti hupanda; kadiri shaba inavyozidi, hushuka na rangi huelekea wekundu. Kwa mchanganyiko wa dhahabu, fedha na shaba, karati 22 huangukia kati ya 17.6 na 18.0. Karati 21, inayopendwa sana na wanawake wa Pwani na wa nchi za Ghuba, ni 16.9 hadi 17.5. Karati 18 ni 15.0 hadi 16.0, karati 14 ni 13.0 hadi 14.3, na karati 9 ni 11.2 hadi 12.7.

Upande wa waigizaji: shaba ya njano 8.4 hadi 8.7, shaba nyekundu 8.96, fedha safi 10.5, fedha yenye alama ya 925 kama 10.4, risasi 11.34, chuma cha pua karibu 8. Kwa wanaookota mawe, pairaiti, ile inayong'aa kama dhahabu na kuwavunja moyo wengi, ni 5.0 tu.

Tazama karati 9 na risasi zilivyokaribiana. Pete ya risasi iliyochovywa dhahabu inaweza kupita kwenye kipimo hiki ikijiita karati 9. Hapo ukucha unasaidia: risasi inakwaruzika kwa ukucha, dhahabu ya karati 9 haikwaruziki.

Dalili: jibu ni dogo kuliko ulivyotegemea

Hili ndilo lalamiko la kila siku, nami nalipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalogombanisha watu.

Viputo vya hewa. Kiputo chenye upana wa milimita 3 kina ujazo wa sentimita 0.014. Kinaonekana hakina maana, lakini ile pete yetu ya gramu 6.42 ina ujazo wa 0.41 tu. Viputo vitatu vinaongeza 0.042, mizani inasoma 0.45 badala ya 0.41, na densiti inashuka kutoka 15.66 hadi 14.3. Karati nne zimeondoka na hakuna aliyeiba kitu. Viputo hupenda kujificha nyuma ya kito, kwenye pingu za mkufu, na kwenye nakshi zilizochongwa. Dawa yake: osha kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni kuondoa mafuta ya ngozi, weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji ya kupimia, zamisha kitu taratibu kikiwa kimeinama upande, kisha kitikise kwa uzi. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kiputo kinang'aa kama fedha, hakikosekani.

Kito. Pete yenye jiwe haiwezi kutoa densiti ya dhahabu yake. Almasi ni 3.52, rubi karibu 4.0, na mawe ya zirkonia yanayoigiza almasi ni karibu 5.7. Jiwe linakula ujazo bila kuleta uzito wa kutosha. Kama haling'oki, acha kipimo hiki. Hesabu ya kukisia ukubwa wa jiwe huleta ugomvi kuliko ukweli.

Kitu ni bomba. Bangili nyingi nene na hereni kubwa ni tupu ndani ili ziwe nyepesi na bei iwe nafuu. Si udanganyifu, mradi umeambiwa. Hewa iliyofungiwa ndani hushusha densiti hadi 5 au chini zaidi, na bangili halali ya karati 21 inaweza hata kuonekana nyepesi kuliko shaba. Gonga taratibu kwa kijiti: tupu hulia kwa sauti ya uwazi, yenye kujaa hutoa sauti fupi nzito.

Maji ya chumvi. Wanaoishi mwambao wanalijua tatizo la visima vya maji ya chumvi jikoni, lakini wachache hulikumbuka wanapopima. Maji ya bahari yana densiti ya karibu 1.025, kwa hiyo yanasukuma zaidi. Kitu cha 17.8, karati 22 halali, kitasoma 17.4 na kuonekana karati 21. Maji ya kisima hayafiki huko, ila yanaelekea huko. Tumia maji ya mvua au ya chupa; kuchemsha hakuondoi chumvi. Joto la maji, ambalo watu hulihofia sana, halina uzito mkubwa: kwenye nyuzi 30 maji ni 0.9957, pungufu ya nusu ya asilimia moja. Zidisha jibu lako kwa namba hiyo ukitaka, vinginevyo liache.

Dhahabu iliyotoka kuunguzwa zebaki. Hili ni la wachimbaji wadogo, wanaotumia zebaki kukamatia dhahabu. Ukishaunguza zebaki, kinachobaki kina matundu kama sponji, na hewa iliyokaa kwenye matundu inakudanganya kwamba umepata mchanganyiko hafifu. Zaidi ya hapo, zebaki iliyobaki ndani ni 13.6, nayo inavuta densiti chini. Namba yoyote unayopata hapa haina maana hadi kipande kiyeyushwe kiwe kidonge kigumu. Lakini wakati wa kuyeyusha, zebaki iliyobaki inatoka kama mvuke usioonekana, na mvuke huo unaharibu ubongo na figo. Usiyeyushie ndani ya nyumba, wala jirani na jiko la chakula, wala watoto wakiwa karibu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu sehemu nyingi kazi hii hufanyika uani, familia nzima ikiwepo.

Dalili: jibu ni dogo sana, 1 au 2

Kitu kimegusa chini ya bilauri. Kikilala chini, mizani inabeba uzito wake wote, namba ya pili inakuwa sawa na ya kwanza, na ukigawa unapata 1. Kikigusa kidogo tu, utapata 2, 3, au namba yoyote ya kuchekesha. Inua uzi kidogo. Ikiwa namba inaruka ghafla kwenda chini halafu inatulia hapo hata ukiendelea kuinua, umeshatoka chini na hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Dalili: jibu ni kubwa mno

Hapa kuna kanuni moja nzuri: kitu kizito kuliko vyote vinavyoshikika duniani ni osmiamu, densiti yake karibu 22.6. Ukipata 25 au 30, hujagundua metali mpya. Kipimo kimeharibika.

Mara nyingi sehemu ya kitu imebaki juu ya maji. Au maji yamemwagika, au yameng'ang'ania vidole vyako ulipokuwa ukirekebisha uzi, baada ya mizani kurudishwa sifuri. Kila tone linaloondoka linapunguza namba ya ujazo, na ujazo ukipungua densiti inapanda. Tone moja la kawaida ni kama gramu 0.05, na kwa pete yetu hiyo inatosha kuipandisha kutoka 15.66 hadi 17.8, yaani kuivika karati 22. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kulitumia kosa hili kwa makusudi mbele ya macho yako. Ukinunua, wewe ndiye uangalie sifuri: kitu kikitolewa kwenye maji na matone yake yakarudi bilaurini, mizani irudi karibu na sifuri. Ikisoma pungufu sana, kipimo hicho kikatae.

Dalili: kila ukipima unapata namba tofauti

Angalia kwanza mizani inasoma hadi wapi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kabisa kwa pete. Inayosoma hadi 0.1 inaonekana makini, lakini kwa pete ya gramu 6.4 itaandika ujazo 0.4, ambao kwa kweli unaweza kuwa popote kati ya 0.35 na 0.45. Densiti hapo ni kati ya 14.2 na 18.3, yaani kuanzia karati 14 hadi kuipita karati 22. Umepima na hujajua chochote. Mizani ya 0.01 inakupeleka kati ya 15.5 na 15.9, na hapo unaweza kusema neno.

Kama mizani bora haipo, ongeza mzigo. Bangili mbili za seti moja zipime kwa pamoja. Kitu cha gramu 30 kina ujazo wa kama 1.9, na kosa lilelile la mizani linakuwa dogo mbele yake. Kwa kipini cha pua cha nusu gramu, niamini, hakuna mizani ya mkononi itakayokusaidia.

Namba ikirukaruka, zima feni, funga dirisha, ondoa simu juu ya meza. Ikishuka polepole bila kutulia, kuna mambo mawili. La kwanza ni maji kukauka kutoka kwenye bilauri pana. Toa kitu uone kama sifuri imeteleza. La pili ni maji kuingia ndani ya kitu taratibu huku hewa ikitoka, na hapo utaona uzi wa viputo vidogo ukipanda. Hiyo ni dalili ya uhakika kwamba mkufu au bangili ina uwazi ndani na tundu mahali fulani. Usilazimishe namba. Umeshapata jibu la maana kuliko densiti.

Dalili: jibu linaangukia kati ya vitu viwili

Hapa wengi hukosea hesabu. Wanachukua 75% ya 19.3, wanaongeza 12.5% ya fedha na 12.5% ya shaba, wanapata 16.9, kisha wanashangaa pete halali ya karati 18 inasoma 15.5. Metali zikichanganywa, kinachojumlishwa ni ujazo. Gramu 75 za dhahabu zinachukua sentimita 3.89, gramu 12.5 za fedha 1.19, za shaba 1.40. Jumla ni 6.47 kwa gramu 100, na densiti ni 15.45. Pete ilikuwa sahihi.

Kosa hilohilo linawatupisha watu mali huko machimboni. Chukua jiwe jeupe la kwazi lenye mishipa ya dhahabu, uzito gramu 24, ujazo sentimita 4. Densiti ni 6, karibu na pairaiti, na mtu mwenye haraka analirusha. Lakini kwazi peke yake ni 2.65. Sentimita 4 za kwazi tupu zingekuwa na gramu 10.6, jiwe lina 13.4 zaidi. Gawa ziada hiyo kwa 0.853, ambayo ni 1 ukitoa jibu la 2.65 gawanya kwa 18, tukichukua 18 kama densiti ya dhahabu ya ardhini yenye fedha kidogo ndani yake. Unapata gramu 15.7 za dhahabu. Zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe lile ni dhahabu. Hesabu hii inafaa pale tu unapoona kwa macho kwamba jiwe lina vitu viwili, kwazi na dhahabu. Kukiwa na pairaiti au madini mengine ya chuma ndani, itakupa dhahabu isiyokuwepo.

Dalili: kitu kinaelea

Dhahabu haielei, lakini swali hili huja kwa njia ya vinyago. Mpingo halisi, ile sehemu nyeusi ya kiini, una densiti ya karibu 1.2 na kuendelea, kwa hiyo unazama. Mti mwingine uliopakwa kiwi cheusi mara nyingi unaelea. Kwa kitu kinachoelea, kisukume kwa sindano nyembamba hadi kizame chote, bila kidole kugusa maji, kisha soma mizani: namba hiyo ndiyo ujazo. Kinyago cha gramu 85 kikisoma 121 kina densiti 0.70, na huo si mpingo. Fanya haraka na ukikaushe, mbao hunywa maji.

Dalili: namba ni sahihi kabisa, lakini moyo haujatulia

Densiti inakataa vizuri kuliko inavyothibitisha. Ikikuambia kitu kisicho na kito, uwazi ndani wala viputo ni 8.5, hiyo si dhahabu, mjadala umefungwa. Ikikuambia 19.3, bado kuna mgeni mmoja mlangoni: metali iitwayo tangsteni, ambayo ni 19.25. Kwa kipande cha gramu 10, tofauti ya ujazo kati yake na dhahabu ni miligramu moja na kidogo ya maji, na mizani ya 0.01 haiioni. Kwa pete na mikufu usiwe na hofu sana. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, dhahabu kwenye 1,064, hivyo sonara hawezi kuzichanganya kwenye chungu chake. Hatari iko kwenye vipande vya mche vinavyouzwa kama akiba, ambamo tangsteni huwekwa katikati na kufunikwa kwa dhahabu halisi.

Mashine za mionzi ya eksi, kama zinazotumika kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa Tanzania mwaka 2019, zinasoma vizuri ni asilimia ngapi za dhahabu zimo, ila mionzi hiyo huishia kwenye ngozi ya juu kabisa ya metali. Kipande cha shaba kilichofunikwa dhahabu nene kinaweza kuipita mashine na kukamatwa na bilauri yako ya maji, kwa kuwa maji yanapima kitu kizima hadi ndani. Tumia vyote viwili. Kipande chenye tangsteni ndani kinaweza kuvipita vyote viwili, na kwa hicho omba kipimo cha mawimbi ya sauti, ambayo hukimbia mita kama 3,200 kwa sekunde ndani ya dhahabu na zaidi ya 5,000 ndani ya tangsteni. Kama kifaa hicho hakipo, kubalianeni mbele ya mashahidi kipande kikatwe katikati kwa msumeno wa sonara kabla fedha haijahama mkono. Dhahabu inakatika kwa ulaini na rangi yake inaendelea hadi ndani. Tangsteni inaula msumeno na rangi yake ni kijivu. Muuzaji asipokubali kikatwe, rudisha fedha yako mfukoni.